Pambano la taji la shogi: tulifuatilieje hapa Ngamiani kwa ubao wa ukutani?

Baraza_Ngamiani aliuliza:

Assalaam aleikum wakuu. Hapa barazani Ngamiani, Tanga, wacheza bao na drafti ndio wengi, na sasa shogi, mchezo wa Kijapani wa ubao unaofanana na sataranji, nayo imeshika watu. Pambano lijalo la taji la siku mbili tunataka kulionyesha hatua kwa hatua kwenye ubao mkubwa wa ukutani, ili watu ishirini waone bila kubanana kwenye simu moja.

Naomba wanaojua wanisaidie kwa undani. Kwa saa zetu, mchezo unaanza na kwisha saa ngapi? Kwa nini siku ya kwanza unakatwa katikati na hatua kufichwa ndani ya bahasha? Ubao utengenezwe vipi, maana kete inayoliwa haifi, inarudi kwa yule aliyeila? La mwisho ni ile asilimia ya kompyuta inayoonyeshwa pembeni ya skrini. Baadhi ya watu hapa wanasema ikifika 99 mchezo umekwisha na ubao ukunjwe. Ni kweli?

---

Saa_ya_Japani alijibu:

Waaleikum salaam mkuu. Japani wametutangulia saa sita kamili mwaka mzima, maana kule hawasogezi saa mbele wala nyuma kwa majira. Mchezo wa taji huanza saa tatu asubuhi kwao, ambayo kwetu ni saa tisa usiku. Mapumziko yao ya chakula cha mchana huwa ni saa kumi na mbili na nusu hadi saa moja na nusu asubuhi ya Tanga. Kwa hiyo baraza likifunguliwa saa mbili linakuta hatua kadhaa zimeshapita, na za mwanzo zinaweza kupangwa zote kwa mkupuo mmoja.

Hatua ya bahasha inaanzia kwenye muda. Kwenye taji la Ryuo kila mchezaji ana saa 8 za kufikiri, na kwenye Meijin ana saa 9. Jumlisha pande zote mbili upate saa 16 au 18, bila mapumziko. Hazitoshi siku moja. Ikifika saa sita mchana kwetu (Meijin saa sita na nusu), mwenye zamu hachezi tena ubaoni. Anaweza kuendelea kufikiri, na muda wake unahesabiwa. Akiamua, anaichora hatua yake kwa penseli nyekundu kwenye karatasi yenye picha ya ubao: kete inazungushiwa duara, mshale unaonyesha inakokwenda. Zinatengenezwa nakala mbili, kila moja kwenye bahasha yake, na wachezaji wote wawili wanatia saini juu ya bahasha kabla hazijakabidhiwa kwa mwamuzi msimamizi. Kesho yake asubuhi wachezaji wanarudia hatua zote za jana huku mwandishi wa mchezo akizisoma, halafu mwamuzi anakata bahasha kwa mkasi na kuwaonyesha wote wawili.

Sababu ni haki ya usiku. Hatua ingechezwa wazi, mpinzani angelala nayo na kuifikiria saa kumi na tano bure. Isingechezwa kabisa, mwenye zamu ndiye angepata usiku huo. Kwa bahasha, mmoja anajua hatua lakini hajui jibu lake, na mwingine hajui hatua yenyewe.

Hapo ndipo palipo utamu ambao watazamaji wengi hawauoni. Anayefunga hatua ya lazima, kwa mfano kuila kete iliyotoka kula ya kwake, amempa mwenzake zawadi, kwani mpinzani anaibashiri hatua hiyo na kulala akifikiria ya mbele yake. Kwa hiyo kuanzia kama saa tano asubuhi yetu tazameni nani anaharakisha na nani anavuta muda. Mara nyingi wanapimana nani afunge na katika nafasi ipi.

Siku ya pili mchezo huisha kati ya saa tano asubuhi na saa tisa alasiri kwetu. Ikiangukia Ijumaa, sehemu kali zaidi inaweza kugongana na swala. Awepo mtu wa kunakili hatua na muda uliotumika ili ubao ukirudiwa usiwe na pengo.

---

Fundi_Makorora alijibu:

Nijibu la ubao.

Ubao wa shogi ni mraba 9 kwa 9, vyumba 81, kete 20 kila upande. Chumba kiwe kirefu kidogo kuliko upana: sentimita 9 upana, 10 urefu. Eneo la mchezo linakuwa 81 kwa 90. Ongeza sentimita 18 kila upande kwa ajili ya kete zilizoliwa, upana wote unafika 117, nao unaingia kwenye plaiwudi ya futi 4 kwa 8 (sentimita 122) bila kuunga. Urefu kata 100 ili namba zipate nafasi juu. Unene milimita 12. Nyembamba zaidi ya hapo itapinda kwa unyevu wa pwani.

Msitumie misumari ya kutundikia. Kete ya shogi inageuzwa kwa namna mbili: juu chini ikihamia upande wa pili, na mbele nyuma ikipanda cheo. Tundu moja halitoshi, na upepo wa baharini ukivuma kete zinayumba mpaka hujui zinaelekea wapi. Na mwelekeo ndio unaosema kete ni ya nani! Tumieni bati bapa lililogandishwa kwenye plaiwudi, na sumaku ndani ya kete. Dukani jaribuni bati kwa sumaku kabla ya kulipa, kwa sababu la alumini halishiki.

Bati la zinki likipakwa rangi ya mafuta moja kwa moja, rangi inabambuka baada ya miezi michache. Lioshwe kwa sabuni, lipakwe siki, liachwe robo saa, lisuuzwe, likauke kabisa, ndipo ipakwe rangi ya msingi na juu yake rangi ya maziwa. Mistari ichorwe mwisho.

Kete zikatwe kwenye plaiwudi ya milimita 6, umbo la pembe tano, upana 7 na urefu 8. Sumaku ya duara ya kipenyo cha milimita 20 na unene 5 inaingia kwenye tundu lililotoboka pande zote mbili, ili ishike hata kete ikigeuzwa mbele nyuma. Tundu hilo lisiwe katikati ya kete kwa kipimo cha rula. Ncha ya juu ni nyembamba, kwa hiyo uzito umelalia chini kidogo. Iweke kete juu ya ncha ya penseli, isogeze mpaka itulie bila kuinama, toboa hapo hapo. Ukikosea kwa nusu sentimita, kete ikigeuzwa juu chini itajizungusha polepole yenyewe, na baada ya dakika tano itakuwa imelala ubavu. Karatasi ngumu yenye herufi ibandikwe pande zote mbili, nayo ndiyo inayozuia sumaku isichomoke.

Kosa kubwa kuliko yote ni kupaka kete 20 nyeusi na 20 nyeupe kama drafti. Kete ya kwanza ikiliwa tu, ubao umeharibika. Zote ziwe na rangi moja.

Kwa herufi: Mf mfalme, G gari, K kona, Dh dhahabu, Fe fedha, Fa farasi, Mk mkuki, A askari. Upande wa nyuma, wa cheo, uandikwe kwa wekundu. Mfalme na dhahabu nyuma yao tupu, kwa sababu hawapandi cheo.

---

Kete64 alijibu:

Nimependa ulivyoeleza, fundi. Naongeza kwa ajili ya wacheza bao, kwani wao ndio watakaoelewa upesi na ndio watakaokosea upesi.

Kwenye bao la Kiswahili kila mtu anaanza na kete 22 za mkononi, na anaponamua anaingiza moja kila zamu. Shogi ina mkono pia, lakini mkono unaanza mtupu, unajaa kwa kula na hauna mwisho. Tena namua inataka shimo lenye kete. Shogi ni kinyume: kete ya mkononi inatua kwenye chumba kitupu tu, popote ubaoni, hata mbele ya pua ya mfalme. Kutua ni zamu nzima. Kete ikitua inatua na cheo chake cha chini, hata kama ililiwa ikiwa imepanda.

Makatazo matatu yaandikwe pembeni ya ubao. Usitue askari kwenye safu wima iliyo na askari wako mwingine ambaye hajapanda cheo. Usitue askari anayembana mfalme mpaka mwisho papo hapo. Usitue kete mahali ambapo haitakuwa na pa kwenda, mfano mkuki kwenye mstari wa mwisho. Kukiuka ni kushindwa hapo hapo, na hata wataalamu wa kulipwa wamewahi kupoteza mchezo kwa askari wawili safu moja.

Usomaji: safu zinahesabiwa 1 mpaka 9 kutoka kulia, mistari 1 mpaka 9 kutoka juu, anayeanza akiwa chini. Fujii Sota, bingwa wa Kijapani, akianza hatua yake ya kwanza karibu kila mara ni askari 2-6, na akiwa wa pili hujibu kwa askari 8-4. Mwenye kupanga ubao akiona 2-6 na kusogeza askari wa kushoto, basi amehesabu safu kwa mkono wa Kizungu, yaani kutoka kushoto, na mchezo wote utatoka kioo.

---

Baraza_Ngamiani:

Shukrani sana wakuu. Kutoboa kwa ncha ya penseli kumeeleweka vizuri. Limebaki la asilimia, maana ndilo linaloleta ubishi.

---

Hesabu_Chumbageni alijibu:

Iandikeni, lakini isikae peke yake.

Namba ile inasema: kompyuta zingechezea pande zote mbili kutoka hapa, huyu angeshinda mara ngapi. Haisemi chochote kuhusu binadamu aliyebakiwa na sekunde 60. Mfano ulio wazi ni tarehe 11 Oktoba 2023, Kyoto, mchezo wa nne wa taji la Oza. Nagase Takuya alikuwa ameshika ushindi mkononi dhidi ya Fujii, kompyuta ikimpa karibu yote. Akiwa anahesabiwa sekunde, kwenye hatua ya 123 alipeleka kona yake iliyopanda cheo hadi 5-3. Hatua ya kushinda ilikuwa dhahabu 4-2. Namba ilipinduka kwa hatua hiyo moja, Fujii akashinda kwenye hatua ya 138, na jioni hiyo akawa mtu wa kwanza kushika mataji yote manane kwa pamoja. Baraza ambalo lingekunja ubao kwenye 99 lingekosa moja ya michezo mikubwa ya shogi.

Kwa hiyo pembeni ya asilimia andikeni vitu viwili. Kwanza, muda uliobaki kwa kila mmoja. Pili, hatua ya pili kwa ubora inapewa asilimia ngapi. Injini, yaani programu ya kompyuta inayotoa asilimia hiyo, ikipangwa ionyeshe hatua tatu za juu, mtaona tofauti: ikiwa ya kwanza ni 99, ya pili 97 na ya tatu 95, hapo njia ni pana na mshindi anajulikana. Ikiwa ya kwanza ni 99 na ya pili 12, mchezaji yuko kwenye uzi. Kwa kawaida muda wa kufunga ubao ni mmoja: mmoja wao anapoinamisha kichwa na kukiri kushindwa. Mfalme haliwi kamwe, na mara nyingi hawafiki hata kumbana. Wanaliona kabla.

Hata matokeo ya jumla yasiwadanganye. Mwaka 2008 Watanabe Akira alikuwa nyuma 0-3 mbele ya Habu Yoshiharu kwenye Ryuo, akashinda minne mfululizo. Na Ito Takumi, aliyezaliwa mwaka mmoja na Fujii, 2002, ndiye aliyevunja ule utawala wa mataji manane kwa kumpokonya taji la Eio kwa 3-2 mwezi Juni 2024.

---

Saa_ya_Japani:

Nakazia hapo kwenye muda. Kwenye michezo ya siku mbili sekunde zisizotimia dakika hazihesabiwi. Ukitumia sekunde 59 umetumia sifuri, ukitumia dakika 3 na sekunde 40 umetumia 3. Msipime kwa saa ya ukutani, mtapata hesabu tofauti na ya Japani. Chukueni muda ulioandikwa kwenye kumbukumbu ya mchezo. Saa zikiisha, kila hatua ichezwe kabla ya dakika moja kutimia, na mwandishi anasoma kwa sauti: thelathini, arobaini, hamsini, kisha moja, mbili, tatu.

Mpangilio uleule wa kete ukitokea mara nne, mchezo ni sare na unarudiwa, aliyeanza sasa akiwa wa pili. Anayerudia kwa kumtishia mfalme mfululizo anahesabiwa ameshindwa.

---

Baraza_Ngamiani:

Swali dogo la mwisho kwa fundi: majina ya wachezaji tuyapake rangi juu na chini ya ubao?

---

Fundi_Makorora:

Hapana mkuu. Mchezo wa kwanza anayeanza hajulikani mpaka asubuhi hiyo. Mwandishi wa mchezo anachukua askari watano wa mchezaji mwenye cheo cha juu, anawatikisa viganjani na kuwarusha. Wakilala wengi upande wa askari, mwenye cheo anaanza. Wakilala wengi upande wa cheo, anaanza mwenzake. Baada ya hapo wanapokezana kila mchezo, na wakifika 3-3 wanarusha upya kwa mchezo wa saba. Majina yawe kwenye vibao viwili vyenye sumaku, kimoja chini kwa anayeanza, kingine juu, vibadilishwe kila mchezo.