Ulinganisho: OpenAPI nzima, maelezo ya zana, au mwongozo wa maandishi kwa mawakala wa akili unde?

Mwanzisha mada

Ndugu wanajukwaa, timu yetu ina mfumo wa kupokea na kufuatilia maombi ya wateja, na sasa tunataka wakala wa akili unde autumie bila mtu kumsimamia kila hatua. Tunapima njia tatu. Ya kwanza ni kumpa faili letu la OpenAPI (maelezo rasmi ya namna programu nyingine zinavyoutumia mfumo wetu) kama lilivyo, lenye njia, yaani anwani za kutuma maombi kwa mfumo, zaidi ya 80. Ya pili ni kujenga seva ya Model Context Protocol, itifaki ya kuunganisha mawakala na zana iliyotangazwa na Anthropic Novemba 2024, ambamo kila zana huwa na jina, maelezo na skima ya JSON ya vigezo vyake, yaani muundo unaoonyesha kila kigezo na aina ya data yake. Ya tatu ni mwongozo wa Markdown (maandishi ya kawaida yenye alama chache za mpangilio), kama llms.txt au AGENTS.md. Naomba wenye uzoefu wanieleze ni ipi inayopunguza makosa ya wakala, maana kazi ya kuandika tuko tayari kuifanya hata ikiwa kubwa.

mhandisi_wa_API

OpenAPI inaeleza vizuri ni ombi la namna gani linakubalika, lakini mara nyingi haisemi ni wakati gani njia fulani itumike na nyingine iachwe. Mpanga programu wa kibinadamu hujaza pengo hilo kwa kumuuliza mwenzake. Wakala hana wa kumuuliza, kwa hiyo hukisia. Isitoshe, maelezo ya njia 80 yanakula tokeni nyingi (vipande vya maandishi ambavyo modeli husoma) kabla kazi yenyewe haijaanza. Faili hilo msilitupe: chukueni humo aina za data, thamani zinazoruhusiwa na vigezo vya lazima, kisha maelezo yaandikeni upya kwa mkono.

mtunza_zana

Naunga mkono njia ya pili, lakini itifaki peke yake haitawasaidia ikiwa maelezo ni haba. Sisi tulikuwa na zana iitwayo tafuta_ombi, ambayo maelezo yake yote yalikuwa maneno mawili: «Hutafuta ombi.» Kigezo chake kiliitwa «mteja». Wakala akaweka jina la mteja, ilhali mfumo ulitaka namba yake. Mfumo ukarudisha orodha tupu, naye akamjibu mtu kwa uhakika kabisa kwamba hakuwahi kuwasilisha ombi lolote. Mtu yule alikuwa na maombi matatu. Jambo hilo lilinisumbua sana, kwa sababu wakala alikuwa amefuata sawasawa kile tulichomwandikia.

Maelezo ya sasa yanasomeka hivi: «Hutafuta maombi yaliyo wazi ya mteja mmoja kwa namba yake. Ukiwa na jina tu, tumia kwanza tafuta_mteja. Haionyeshi maombi yaliyofungwa. Kwa hayo tumia tafuta_kumbukumbu. Hurudisha maombi yasiyozidi 20, mapya yakitangulia. Orodha tupu ina maana kwamba namba ipo lakini haina ombi lililo wazi.» Kigezo tumekiita namba_ya_mteja. Tarehe nazo tunadai ziandikwe kwa mpangilio wa ISO 8601 (mwaka, mwezi, siku), kwa kuwa 03/04/2025 inaweza kuwa Aprili 3 au Machi 4, lakini 2025-04-03 haina tafsiri mbili.

Sentensi zilizotusaidia kuliko zote ni zile zinazosema zana haifanyi nini.

mlinzi_wa_mifumo

Hapo nina nyongeza, na kidogo napingana nanyi. Msiuache mwongozo wa maandishi. Skima haiwezi kueleza kwamba ombi lisifungwe kabla mteja hajathibitisha, kwa kuwa huo ni utaratibu wa kazi unaopita zana moja. Ila AGENTS.md imekusudiwa mawakala wanaoandika msimbo ndani ya mradi, na llms.txt, iliyopendekezwa na mtafiti wa akili unde Jeremy Howard mwaka 2024, imekusudiwa kuelekeza modeli kwenye kurasa muhimu za tovuti. Hakuna kati ya hizo iliyo badala ya orodha ya zana.

Kuhusu zana zinazofuta data, itifaki ina alama ya destructiveHint, inayoonyesha kwamba zana inaweza kuharibu data, lakini hiyo ni dokezo tu. Kizuizi cha kweli kiwekwe kwenye ruhusa za seva. Sentensi ya «usifute bila idhini» haizuii chochote wakala akikosea.

msomaji_wa_kumbukumbu

Mmesahau ujumbe wa kosa, ambao kwangu ni sehemu ya maelezo, tena ile inayosomwa wakati wakala anaihitaji zaidi. «Kosa 400» halimfundishi kitu. «namba_ya_mteja lazima iwe tarakimu 8; umetuma herufi; ipate kwa tafuta_mteja» linamrudisha njiani kwa hatua moja. Katika itifaki hiyo, kosa la utekelezaji lirudishwe ndani ya matokeo ya zana, likiwa na alama ya isError, ili modeli ilione na kujisahihisha.

Mwanzisha mada

Nawashukuru kwa dhati. Tutaanza na zana chache za maombi kupitia seva, utaratibu wa kufunga ombi tutauweka kwenye mwongozo mfupi, na ruhusa za kufuta zitabaki kwa binadamu. Kabla ya kubadili neno lolote, tutampa wakala maswali 30 yaliyokwisha kujibiwa na wahudumu wetu, tuhifadhi kila mwito wa zana alioufanya, kisha tuyarudie maswali yaleyale baada ya kuandika maelezo mapya. Ndugu mtunza_zana, ukiwa na nafasi, naomba utuwekee pia maelezo ya tafuta_kumbukumbu, kwa sababu sisi nasi tuna zana mbili zinazokaribiana namna hiyo.