Naomba ushauri: sahani za kioo zinapasuka zikipoa

Habari zenu wakuu. Niko Tabata, nayeyusha chupa za soda kutengeneza visahani kwa tanuru la umeme. Kwenye nyuzi 800 hivi kioo kinalainika na kulala vizuri kwenye kalibu. Shida ni kupoa. Nikifungua asubuhi nakuta ufa kutoka ukingoni hadi katikati, umepindapinda kama Mto Msimbazi. Nimejaribu kukiacha kwenye nyuzi 550 nusu saa, bado. Chupa tofauti sichanganyi, hilo nilishajifunza kwa hasara.

Kisahani cha unene wa milimita 8 kikae hapo muda gani, na kishuke nyuzi ngapi kwa saa? Halafu fundi mmoja kasema nikigandamize kikiwa laini. Mgandamizo unazuia ufa kweli, au unatengeneza umbo tu?