Goti liliumia zamani, sasa linakakamaa na kuvimba: ni baridi yabisi?

Kocha wa Mtaa
Wakuu, kuna mchezaji wangu wa miaka 34. Ligamenti (kano inayoshika mfupa na mfupa) ya mbele ya goti la kulia ilikatika miaka 11 iliyopita, hakufanyiwa upasuaji. Siku hizi akiamka goti limekakamaa, hulegea baada ya dakika 15 hivi. Akishuka ngazi linauma, jioni limevimba. Eksirei imesomwa "safi". Kaambiwa mafuta ya goti yamekauka, achome sindano na anywe maji ya bamia.

Fizio Pwani
Picha ilipigwa akiwa amelala au amesimama?

Kocha wa Mtaa
Amelala.

Fizio Pwani
Basi hiyo "safi" usiitegemee. Gegedu, ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa, haionekani kwenye eksirei. Tunachosoma ni nafasi kati ya mfupa na mfupa, na mtu akilala uzito haubani chochote. Irudiwe amesimama, magoti yote mawili kwenye picha moja, yamekunjwa kidogo.

Baridi yabisi kwa kawaida hukakamaza saa nzima au zaidi na hushika viungo vingi, hasa vidole, mkono huu na huu. Hili la goti moja lenye historia ni kusagika kwa gegedu baada ya jeraha. Ligamenti isipokuwepo, mfupa wa muundi huteleza mbele na kujizungusha, uzito unaangukia sehemu ya gegedu ambayo haikuzoea kuubeba. Nalo gegedu halina mishipa ya damu, likichubuka haliponi vizuri.

Na hayo mafuta: goti lililovimba lina ute kupita kiasi, limekaukaje? Bamia ale na ugali.

Mazoezi, mara 3 kwa wiki:
- Kusimama na kukaa kwenye kiti bila kushika, mara 10, mizunguko 3. Goti lisiingie ndani. Likiuma sana, ongeza mto kitini.
- Kulala chali, magoti yamekunjwa, kunyanyua kiuno, kushikilia sekunde 5, mara 10, mizunguko 3. Hili asiliruke: misuli ya nyuma ya paja ndiyo huvuta muundi nyuma, inashika zamu ya ligamenti.
- Baiskeli dakika 20. Tandiko liwe juu, mguu ukaribie kunyooka pedali ikiwa chini. Likiwa chini, goti hubanwa mbele.

Maumivu kidogo wakati wa zoezi si tatizo. Yakiwa bado hayajatulia kesho yake, punguza.

Mfamasia
Aanze na diclofenac (dawa ya maumivu na uvimbe) ya kupaka ya asilimia 1, gramu 4 mara 4 kwa siku. Vidonge vya diclofenac asichanganye na ibuprofen: vidonda vya tumbo, figo, presha.

Sindano ya steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe) hupoza kwa wiki kadhaa tu. Utafiti wa 2017 uliochoma steroidi iitwayo triamcinolone miligramu 40 kila wiki 12 kwa miaka 2 ulikuta gegedu limepungua zaidi kuliko kwa waliochomwa maji ya chumvi, na maumivu hayakutofautiana.

Kocha wa Mtaa
Akirekebishwa ligamenti sasa, kusagika kutakoma?

Fizio Pwani
Hakuna uthibitisho. Upasuaji huongezea goti uimara, kwa hiyo kama linamponyoka akigeuka, amwone daktari wa mifupa. Likikwama lisinyooke, vilevile. Ila likiwa la moto, jekundu, na ana homa, asisubiri miadi: hospitali siku hiyohiyo, huenda ni usaha.