Huyu "bingwa wa maneno" mnayemjua wote: eti broadcast imetoka kwa waigizaji, halafu mimi NIRUDI SHAMBANI?

Wakuu, leo sina salamu. Mnamjua, simtaji, maana nikiandika herufi moja tu ya jina lake nusu ya jukwaa litaitika. Yule wa kila mjadala wa sauti, anayejua asili ya kila neno mpaka la mfuniko wa sufuria.

Kaulizwa swali jepesi: neno la Kiingereza broadcast, yaani kurusha matangazo, lina asili gani? Akakohoa mpaka kunguru wa Kariakoo wakahama. Akasema "cast" ni kundi la waigizaji na "broad" ni pana, kwa hiyo ni waigizaji wengi wanaosikika redioni. Nikamwambia kwa adabu kwamba ni neno la kusia mbegu. Jibu lake mbele ya watu wote: "Ndugu, wewe rudi shambani, lugha tuachie sisi."

Rudi shambani! Shambani ndiko neno lilikotoka!

Cast ni kutupa, mzizi wake ni kasta ya Kinorse cha kale. Miaka ya 1760 wakulima wa Uingereza walishalitumia neno broadcast kwa mbegu zinazorushwa kwa mkono zitapakae shamba zima, tofauti na zile za kushushwa kwenye mistari kwa mashine kama ya Jethro Tull ya 1701. Msiaji anavaa kikapu ubavuni, anatembea mwendo mmoja, anarusha konzi kwa mpigo wa hatua, mkono ukizunguka nusu duara. Nyuma yake inapita haro, ile reki kubwa ya kuvutwa, kufukia kabla ndege hawajashuka. Hatua zikiyumba, shamba linaota mabaka, huku zimebanana, kule kipara.

Redio imelikuta neno njiani. Mwanzoni simu ya upepo, yaani redio isiyo na waya, ilikuwa ya meli kuzungumza na pwani, na kusikiwa na asiyehusika ilikuwa kasoro. Kituo cha redio KDKA cha Pittsburgh kiliporusha matokeo ya uchaguzi wa rais wa Marekani tarehe 2 Novemba 1920, kasoro ile ikawa ndiyo kazi yenyewe: unatupa, wa kuokota aokote. BBC ilipoundwa 1922, ile B ya pili, Broadcasting, ilikuwa ya kikapu cha mbegu.

Hata hao waigizaji wake waliitwa cast kwa sababu ya kugawiwa nafasi, maana iliyotokana na kutupa kulekule. Na bado ananiambia nirudi shambani!

Mzee wa Masafa: Naunga mkono hoja. Huyohuyo ndiye aliyetuapia kwamba podcast ni Kilatini. Neno la 2004, iPod na broadcast zimeunganishwa, hata ndevu halijaota.

Kitasa: Mleta mada, amekunyang'anya ekari? Hasira zote hizi kwa ajili ya kitenzi? Kunywa maji ulale.

Mleta mada: Nilale vipi na "rudi shambani" inagonga masikioni?

Mama Majaruba: Mnaongea kama kumwaga mbegu ni mambo ya kale. Mpunga tunamwaga mpaka leo. Loweka saa 24, chuja, funika kwenye gunia saa 24 nyingine mpaka kincha kichungulie, mwaga kilo 32 hadi 40 kwa ekari juu ya tope lililosawazishwa. Maji yakisimama mbegu inakosa hewa, inaoza. Kero yangu ni wanaowaambia watu hii njia ni rahisi bila kutaja palizi. Mistari hakuna, kile kipalizi cha kusukuma utakipitisha wapi?

Kitasa: Sasa hapo umeongea.

Bwana Yurea: Afadhali mbegu. Kuna bwana shamba, mnamjua, anawaruhusu watu wamwage mbolea ya yurea juu ya udongo saa sita za jua. Naitrojeni inapanda hewani kama amonia, mtu amelisha mawingu! Fukia sentimita 5, au mwaga mvua ikiwa imekaribia ya kuizamisha. Ya manyunyu haitoshi, inaiyeyusha tu na kuiacha juu.

Mzee wa Masafa: Na mimi nina wangu wa mnara. Anaongeza wati akidhani ndiyo masafa. Ukizidisha nguvu mara mbili umepata desibeli 3 tu, kile kipimo cha nguvu ya mawimbi. FM inataka antena iwe juu: mita 100 juu ya tambarare, upeo wake ni kama kilomita 41. Wa nyuma ya mlima atasikia mkwaruzo mtupu hata ukichoma transfoma.

Mleta mada: Jamani, uzi ni wa yule wa waigizaji.

Bwana Yurea: Mama Majaruba, tope unalisawazisha kwa nini, ubao au haro?

Mama Majaruba: Haro kwanza, ubao mwisho. Usipomaliza kwa ubao yanabaki mashimo, na kwenye shimo mbegu haitoki. Ubao wa mninga unadumu.

Kitasa: Mbarali nani anakodisha haro ya pawatila wiki hii?