Tupeane uzoefu: uliwahi kubadili mada ya dokumentari ya chuo ukiwa katikati?

Taa ya Pili: Wakuu, leo nilikuwa natafuta nakala ya cheti kwenye diski ya zamani ya kompyuta, nikakutana na folda imeandikwa MADA YA KWANZA USIFUTE. Nimeikodolea macho saa nzima. Ni mahojiano ya wauguzi wa zamu ya usiku, na hakuna hata sekunde moja iliyoingia kwenye filamu. Tulikuwa wiki ya tano kati ya 12 tuliponyimwa kibali cha kuingia wodini, na andiko letu lote, yaani mpango wa filamu, lilisimama juu ya wodi. Nililia kwenye ngazi. Aliyetuokoa ni muuguzi mmoja aliyesema, "Basi njooni mnione ninavyolala mchana." Tukamrekodi akiutafuta usingizi, dirisha kaliziba kwa blanketi, watoto wanacheza nje. Dakika 11. Ilikuwa filamu bora kuliko ile tuliyoipanga, lakini folda ile siwezi kuifuta. Wenzangu ilikuwaje?

Kamera Begani: Kibali! Yamenikuta hayo hayo. Pole sana.

Fremu 25: Mada ikishapitishwa usiiguse. Sisi tulibadili wiki ya nane, tukaishia na vipande viwili visivyojuana. Mahojiano uliyouliza kwa mada ya zamani hayajibu maswali ya mada mpya, hata uyakate vipi.

Mhariri wa Usiku: Napinga. Errol Morris, mtengeneza filamu wa Marekani, alikwenda Texas kumfuatilia daktari wa akili aliyekuwa akitoa ushahidi kwenye kesi za hukumu ya kifo. Huko akakutana na mfungwa, Randall Adams, aliyeshikilia kwamba hakuua. Habari ya daktari akaiweka kando. Filamu yake kuhusu Adams, The Thin Blue Line, ikatoka 1988, na 1989 Adams akaachiwa huru. Angeng'ang'ania andiko lake je?

Fremu 25: Morris hakuwa na msimamizi anayekata alama kwa kila siku ya kuchelewa. Tuongelee wanafunzi.

Kipaza Sauti: Sikutaka kuandika, ila hiyo folda ya mleta mada imenichoma. Mada yangu ilikuwa maisha ya refa mstaafu wa mpira, na refa mwenyewe ni baba yangu. Andiko likapita, fomu ya ridhaa akasaini bila kusita, tukarekodi siku nne safi. Siku ya tano nikampa ripoti ya mechi ya zamani, karatasi imekwisha kuwa ya njano, nikamwomba aisome mbele ya kamera. Akavaa miwani. Akaishika. Akanyamaza. Nikadhani ni hisia, nikasogeza lenzi karibu na uso. Ndipo akasema taratibu, "Hizi zote aliandika mshika kibendera wangu. Mimi kusoma sijui. Zima hiyo."

Nilizima kamera. Rekoda ya sauti niliisahau, na maikrofoni ilikuwa bado imebanwa kifuani kwake. Alizungumza dakika kama 20 hivi, mambo ambayo mimi mwanawe nilikuwa siyajui. Usiku kwenye kuhamisha mafaili ndipo nikayasikia. Wenzangu kwenye kundi wakaruka: mada mpya hii hapa! Tukagombana mpaka alfajiri.

Kamera Begani: Aisee. Ukafanyaje?

Fremu 25: Mimi ningetumia. Fomu si alisaini?

Kipaza Sauti: Alisaini kitu ambacho hawezi kukisoma, na aliyempa kalamu ni mimi. Hilo ndilo lililoninyima usingizi kuliko mada yenyewe.

Mhariri wa Usiku: Hapo nakuunga mkono. Hata angekuwa msomaji hodari, alikubali filamu ya urefa, hakukubali hiyo nyingine. Ukibadili mada unarudi kwa kila uliyemrekodi unaomba upya.

Fremu 25: Mkirudi kwa kila mtu hamtamaliza filamu. Nusu watakataa.

Mhariri wa Usiku: Basi wakatae. Uso ni wao.

Mwenge Mdogo: Tusihame kwenye swali jamani. Mimi niko wiki ya sita sasa hivi na mada yangu imekufa. Nifanye nini?

Kamera Begani: Lala kwanza. Mada mpya nyingi huwa ni uchovu tu.

Taa ya Pili: Andika mada mpya kwa sentensi moja, umpelekee msimamizi kabla hujarekodi tena. Halafu pitia picha za zamani zote bila sauti. Mikono, milango, mtu anatembea: hizo zinahamia mada yoyote. Mahojiano ndiyo hayahami.

Fremu 25: Na kama zaidi ya nusu ya siku za kurekodi zimeisha, usibadili. Punguza tu. Badala ya watu watano, baki na mmoja.

Mhariri wa Usiku: Mimi nilibadili zikiwa zimebaki siku tisa, nikafaulu. Inategemea mhusika unaye au huna.

Mwenge Mdogo: Mhusika ninaye, mmoja. Asanteni. Kipaza Sauti, hujamalizia.

Kipaza Sauti: Kesho yake nilimwambia baba kwamba rekoda ilikuwa inarekodi. Akakaa kimya muda mrefu. Nikamsikilizisha zote 20, kisha nikamsomea fomu mpya neno kwa neno, rafiki yake yule mshika kibendera akiwa shahidi, na jibu lake tukalirekodi kwa sauti badala ya saini. Akakubali dakika nne tu, akazichagua mwenyewe. Nilizokuwa nazipenda zaidi alizikataa, nikazifuta akiwa amekaa pembeni yangu. Msimamizi alitaka andiko jipya na tulikatwa alama za kuchelewa. Sharti la baba lilikuwa moja, mama aione kabla ya mtu yeyote.

Kamera Begani: Mama alikuwa hajui?

Kipaza Sauti: Alijua. Ndiye aliyekuwa akimsomea ratiba za mechi miaka yote hiyo. Alipoiona alimuuliza kitu kimoja tu, kwa nini lile la ratiba hakulitia.

Taa ya Pili: Mkalitia?

Kipaza Sauti: Ndiyo dakika ya mwisho.