Saikolojia Uingereza: niende Septemba ama ningoje?

BintiMajengo: Asalam aleikum. Nimepata nafasi chuoni Uingereza, digrii ya saikolojia, miaka 3. Kakangu alikuwa teja; leo yuko kwenye methadoni, dawa ya kumwachisha unga, na aliyemvuta ni mshauri aliyemsikiliza bila kumkaripia. Nataka kuwa kama yule. Niende, ama ningoje mwaka? Usingizi umenipaa.

MzeeWaKivuko: Mwanangu, pesa za kuonyesha unapoomba visa zikae benki siku 28 mfululizo, zisipungue hata siku moja. Mpwa wangu alichota kidogo tu, ya mazishi ya babu. Akanyimwa. Sasa auza nyanya Kongowea, na nyanya zenyewe mvua hii zaoza njiani.

Mwalimu_K: Digrii ya kwanza pekee haikufanyi mwanasaikolojia kule. Hakikisha kozi imeidhinishwa na British Psychological Society, chama cha wanasaikolojia cha huko, la sivyo kuendelea mbele kutakupa tabu. Hapa kwetu nako kuna sheria ya washauri na wanasaikolojia ya 2014, utatakiwa kusajiliwa. Lakini barua unayo, wangoja nini? Kuna jambo hujasema.

BintiMajengo: Arubuni nshatoa.

Mwalimu_K: Silo.

BintiMajengo: Nina mtoto wa miaka 3. Wa digrii ya kwanza haruhusiwi kwenda na mtoto. Mamangu amekubali kumlea. Wangapi wameacha wana wakaenda Saudia kufua nguo za watu, mbona hao hawaulizwi?

UstadhLikoni: Dadangu, mtoto ni amana. Ukirudi atakuwa amwita bibi yake mama.

ChapatiMoto: Nenda, ukirudi uanze na sisi wa foleni ya feri, akili zishatuhama 😂

JichoLaPaka: Hekaya! Uzi wa tatu huu mwezi huu. Ajenti wa vyuo huyo, kesho atatupa namba ya simu. Mwanafunzi wa kweli haulizi ada? Haulizi atafanya kazi saa ngapi?

BintiMajengo: Saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, hilo nalijua. Na ajenti gani aamkaye kumpeleka kakake kliniki kila siku, mtoto mgongoni, amsimamie mpaka ameze dawa mbele ya muuguzi? Asiposindikizwa huishia maskani kwa mateja wenzake.

Mwalimu_K: Septemba atasindikizwa na nani?

BintiMajengo: Mama magoti hayamruhusu. Hapo ndipo nilipokwama, Mwalimu.

MzeeWaKivuko: Kliniki iko wapi? Kama ni upande wa Kisauni, mie hupita huko na tuktuk kila asubuhi.