Mrejesho: Mtoto aliyekuwa akificha dawa

Niliwaomba ushauri kuhusu mpwa wangu wa miaka 11 aliyekuwa akificha vidonge vya ARV (dawa za kupunguza makali ya VVU) chini ya godoro, nanyi mkanihimiza nimweleze ukweli kwamba anaishi na VVU. Tulimweleza tukiwa na mshauri nasaha wa kliniki. Alinyamaza, kisha akauliza, "Kumbe si dawa za kifua?", swali lililonichoma, kwa kuwa uongo ule niliutunga mimi. Siku hizi anameza dawa mwenyewe saa mbili usiku, akishapiga mswaki, nami husimama mlangoni tu. Wingi wa virusi mwilini, uliopimwa tena baada ya miezi 3 ya ushauri wa ufuasi wa dawa (kuzimeza kila siku bila kuruka), umeshuka chini ya nakala 50 kwa mililita ya damu, yaani dawa zinafanya kazi. Kikundi cha watoto wenzake wanaoishi na VVU bado anakikataa, wala sijamlazimisha.